Rubani na Sheria ya Vyeo

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi na vyeo. Mimi ni afisa utumishi. Mkate wangu ni kanuni za kupandisha watu vyeo. Kwa kuwa wengi wenu mnatamani urubani, nitachukua mfano wa marubani wa Jeshi la Wanamaji la Marekani.

Mwaka 1926 Bunge la nchi hiyo liliamua kuwa manowari za kubeba ndege ziongozwe na maafisa waliofuzu urubani au uangalizi wa angani. Mabaharia watu wazima wakarudi darasani. Ernest King alifuzu urubani mwaka 1927, akiwa na miaka 48. William Halsey alifuzu mwaka 1935, akiwa na miaka 52. Uangalizi ungemtosha, lakini alichagua kurusha ndege mwenyewe.

Mwaka 1980 jaribio la kuwaokoa mateka nchini Iran lilishindwa, wakafa Wamarekani 8. Majeshi yalilaumiwa kwa kutoshirikiana. Sheria ya Goldwater-Nichols ya mwaka 1986 ikaagiza kwamba anayetaka uadmirali, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, kwanza atumikie wadhifa wa pamoja wa majeshi yote. Nia ilikuwa njema. Lakini rubani huyo ana mafunzo marefu, ana kikosi cha kuongoza, na akitaka manowari ya kubeba ndege lazima asome pia mambo ya nyuklia. Miaka ya wadhifa wa pamoja huipata wapi? Huitoa katika miaka yake ya kuruka.

Mwaka 2018 sheria iliyopewa jina la Seneta John McCain, aliyekuwa rubani wa wanamaji, ililegeza kidogo: afisa aweza kuomba, kwa kibali, asifikiriwe cheo kwa muda ili amalize masomo au kazi muhimu, bila kuhesabiwa kuwa ameachwa.

Vijana, ustadi utakufikisha kwenye usukani. Kanuni ndizo huamua utafika wapi baada ya hapo. Siku ya kwanza kazini, ombeni kitabu cha kanuni, mkisome. Kisha amueni wenyewe: cheo kile chastahili miaka kitakayowagharimu? Wako marubani waliojibu hapana, wakaendelea kuruka, na heshima yao haikupungua.