Mtoto Asiyeonekana Nyumbani

Atafutaye habari za wazee wake wa Uingereza siku za Malkia Victoria, huenda akasoma hesabu ya watu ya 1851 asimwone mtoto kwa baba yake. Asiharakishe kumhesabu marehemu! Kila mtu aliandikwa mahali alipolala usiku wa Machi 30. Mtoto wa bweni aliandikwa shuleni, pamoja na umri wake na mahali alipozaliwa. Shule ya Marafiki, yaani Wakweka, kijijini Ackworth, ilikuwa na orodha iliyochapwa 1879 ya watoto waliopokewa tangu 1779. Miaka mia ya majina! Kurasa kama hizo tunaziruka hata katika kitabu cha Hesabu. Lakini humo, baba aliyedhaniwa ana watoto watatu, kumbe alikuwa na wanne.