Muharraq na Keshero

Mji wa Muharraq, Bahrain, uliishi kwa kuzamia lulu mpaka lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa miaka ya 1930 vilipoiua kazi hiyo. Mwaka 2012 UNESCO iliziingiza nyumba za manahodha na wafanyabiashara wake katika Urithi wa Dunia. Leo wageni wanapanda ndege kwenda kuona alama za kazi iliyokwisha.

Wasikilizaji, hapa Keshero, mtaa wa Goma, kazi yetu ya uvuvi ingali hai. Sambaza, samaki wadogo, waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa ziwa hili lilikuwa na aina chache mno za samaki. Jioni mitumbwi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, inatoka na taa na nyimbo. Asubuhi mama zetu wanauza sambaza bandarini Kituku. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipasua mji huu mwaka 2002 hadi majini, na wavuvi wakarudi ziwani.

Vita vya hapa vimewafukuza wageni, ni kweli. Lakini wazee wanaolikumbuka ziwa kabla ya sambaza wanatutoka, na sauti zao zirekodiwe sasa, vita au amani. Na Kituku penyewe pashughulikiwe. Oktoba 2024 mashua iliyojaa watu kutoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari, watu wa ufukweni wakiiona. Gati salama na jaketi za kuokolea zinamhusu kwanza mama anayesafiri na mizigo yake, kisha mtalii.