Hisia ya Mwalimu Si Ushahidi



Sisi walimu, kwenye semina zetu, tumezoea kujadili makosa ya wanafunzi: huyu mabega yamempanda, yule hajui kupumua. Leo nataka tumjadili anayewasahihisha. Mfano wangu ni Frederick Matthias Alexander, mwanzilishi wa Mbinu ya Alexander, yaani mafunzo ya kuutumia mwili bila kuukakamaza.

Alizaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1869. Kazi yake ilikuwa kughani Shakespeare jukwaani, mpaka sauti ikaanza kumkauka. Daktari alimshauri aipumzishe. Ikapona, kisha ikakauka tena alipokuwa jukwaani. Akaamua kughani mbele ya kioo. Akaona kwamba kila akianza kutamka anavuta kichwa nyuma, anakandamiza koromeo na kuvuta pumzi kwa kinywa. Akajirekebisha, akapeleka kichwa mbele na juu, akahisi amefaulu. Alipoongeza vioo viwili, kimoja kila upande, alikuta kichwa bado kinarudi nyuma.

Hakuwa mzembe. Mwili uliozoea kosa huliona kosa ndiyo sawa, na kinyozi hajinyoi. Sasa fikirini: mwalimu wa mbinu hii humwekea mwanafunzi mikono shingoni na mgongoni. Shingo ya mwalimu ikikaza, mikono nayo hukaza, na mwanafunzi hupokea ukakamavu ule akidhani ndilo somo. Ndiyo maana kozi ya ualimu aliyoifungua London mwaka 1931 ilikuwa ya miaka mitatu, na mwanagenzi alianza na mwili wake mwenyewe.

Lakini Alexander huyohuyo, katika kitabu chake Man's Supreme Inheritance cha mwaka 1910, aliziweka jamii alizoziita za washenzi ngazi ya chini ya maendeleo ya binadamu. Aligundua kwamba hisia za mwili hudanganya. Dharau yake kwa watu wengine hakuipeleka mbele ya kioo chochote. Kwa maoni yangu, hatari yetu iko hapohapo. Mwalimu anayesifiwa kwa utulivu huanza kuamini kwamba anaona kila kitu, hata anamwambia mwenye maumivu kwamba tatizo ni ukaidi wake. Mgonjwa huyo alipaswa kupelekwa hospitali.

Ushahidi hutafutwa kwingine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa katika British Medical Journal mwaka 2008 uliwahusisha watu 579 wenye maumivu sugu ya mgongo, ukaonyesha kuwa masomo ya Mbinu ya Alexander yanasaidia. Walioulizwa kama wamepata nafuu ni wagonjwa wenyewe. Walimu hawakuhitajika kujisifia.

Kwa hiyo naiomba semina hii ikubaliane mambo mawili kabla hatujatawanyika: kila mwalimu, hata mkongwe, awe na mwenzake wa kumkagua akifundisha, na asimguse mwanafunzi kabla ya kumwomba ruhusa.