Mbabula chumbani usiku: kipimo kilituonyesha nini

(Maneno ya mhamasishaji wa jamii mbele ya wakaaji wa kambi, Kigeme)



Mmeniona nikipita nyumba kwa nyumba na kitu kidogo mkononi kama simu. Wengine walisema nahesabu watu ili msaada upunguzwe. Hapana. Kile ni kipimo cha hewa. Kinatafuta hewa moja ya sumu, jina lake kaboni monoksaidi, inayotoka mahali makala, kuni au mafuta ya taa yanapoungua. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Moshi hutufukuza nje, lakini hii inatuacha tumelala. Hata makala mekundu yasiyo na moshi hutoa sumu hiyo kwa wingi, na ndiyo tunayoyaingiza ndani.

Ikiingia mwilini hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi oksijeni inakosa nafasi. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, moyo unachafuka, miguu inalegea. Tunasema ni malaria. Lakini malaria haiwashiki watu wote wa nyumba usiku mmoja, wala mtu hapati nafuu kwa kukaa nje tu. Mtoto aliye tumboni yuko hatarini zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii. Sisi tuliotoka upande wa Goma na Sake tunajua mazuku. Tulikatazwa tangu utotoni kushuka kwenye mashimo yale asubuhi. Kwa hiyo mama yangu aliniambia: "Mbabula iko chini, mimi nalala juu kitandani. Sumu inabaki chini." Nilimwamini, maana nami nilifikiri hivyo. Lakini mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, ndiyo maana hulala mabondeni. Hii ya mbabula ni nyepesi kidogo kuliko hewa. Inapanda pamoja na joto na kuenea chumba kizima.

Tulijaribu jioni kwake. Nilikiwasha kipimo nje, kikaonyesha 0. Ndani, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kitambaa sababu ya baridi. Nikakishika karibu na sakafu, namba zikapanda. Nikakiinua hadi penye mto wake, hazikushuka. Halafu kikalia. Chetu kimewekwa kulia kwenye 35, yaani sehemu 35 za sumu katika sehemu milioni za hewa. Mama alifungua mlango mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2010, liliweka kiasi kisichopaswa kupitwa: takribani 30 kwa saa 1, na takribani 9 kwa saa 8. Saa 8 ni usiku mmoja wa kulala.

Kuna kosa langu pia. Siku za kwanza nilipima mchana, milango wazi, mbabula imezimwa. Nilipata 0, nikamwambia mama mmoja nyumba yake ni salama. Kipimo hakikudanganya, mimi ndiye nilikuja saa isiyofaa. Nilirudi kwake usiku kumwomba radhi.

Najua mvua ya hapa, na najua baridi. Hata hivyo makala yabaki nje, hata yaliyofunikwa majivu. Sufuria ya maji juu ya mbabula haiondoi sumu hii. Ni heri maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa nguo, uilaze miguuni. Ukimkuta mtu amelegea chumbani, fungua mlango, mvute nje upesi, ita msaada. Akizinduka bado apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa sumu huchukua saa nyingi kutoka kwenye damu. Na mwambieni muuguzi wazi kwamba mbabula ilikuwa ndani, la sivyo atatafuta malaria.

Kipimo tulicho nacho ni kimoja. Kuanzia sasa nitazunguka jioni tu, nikianza na nyumba zenye wajawazito na watoto wachanga. Nikipiga hodi, tafadhali msiifiche mbabula wala msifungue dirisha kwa ajili yangu. Acheni kama mnavyolala kila siku. Siandiki jina la mtu.