Mchaichai: Kuupanda ni Siku Moja, Kuutunza ni Miaka

(Mazungumzo ya kikundi cha bustani mbele ya darasa la kisomo)



Leo hatukuja na jambo geni. Mchaichai nyote mnaujua. Mgeni akifika na majani ya chai yamekwisha, tunakata mchaichai, tunachemsha, tunakunywa. Lakini leo hatusemi habari za birika. Tunasema habari za udongo.

Bustani yetu ya mboga iko nyuma ya nyumba, penye mteremko. Masika moja mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Kulipokucha tukatoka kutazama. Lo! Mchicha haupo. Samadi haipo. Udongo mweusi wote umeshuka bondeni, yamebaki mawe.

Mchicha si hasara kubwa. Ukipanda leo, baada ya wiki 4 hivi unachuma. Lakini udongo mweusi hufanyika kwa miaka mingi sana. Ukishakwenda, haurudi.

Basi tukapanda mchaichai uwe ukingo wa kuzuia maji. Hata hivyo tulikosea mara mbili. Tunayasema makosa yetu ili nyinyi msiyarudie.

KOSA LA KWANZA: MSTARI

Tulipanda mstari kwa kukadiria kwa macho. Tuliona umenyooka. Kumbe upande mmoja ulikuwa chini kuliko mwingine. Maji yakafuata mstari kama mfereji, yakajaa pembeni, yakapasua ukingo.

Mstari wa kuzuia maji hukata mteremko, na urefu wake wote huwa kimo kimoja. Utajuaje? Mnaikumbuka herufi A? Ndiyo ile ile! Chukua miti 2 yenye urefu wa mita 2 hivi, uifunge pamoja juu. Chukua mti wa 3, mfupi, uufunge katikati ukiwa umelala. Kileleni funga kamba yenye jiwe. Kamba ining'inie mpaka ipite mti uliolala.

Sasa tafuta alama ya usawa. Simamisha A yako, piga vigingi penye miguu yote 2. Weka alama pale kamba inapogusa mti uliolala. Kisha igeuze, mguu wa kulia ukae palipokuwa na wa kushoto, na wa kushoto ukae palipokuwa na wa kulia. Weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo 2, chora alama ya 3. Hiyo ndiyo ya kufuata.

Nenda bustanini na A yako. Kamba ikigusa alama ya 3, miguu yote iko kimo kimoja. Piga kigingi, songa mbele, pima tena. Vigingi ndivyo vitakuonyesha njia ya mstari wako, hata kama umepinda.

KUPANDA

Mchaichai hatuupandi kwa mbegu, maana kwa kawaida hautoi maua. Mvua zikianza, ng'oa shina kubwa la mchaichai, ulipasue. Kila kipando kiwe na vijishina 2 au 3 vyenye mizizi. Punguza majani, yabaki urefu wa shubiri 1, ili kipando kisikauke.

Panda kipando kila baada ya shubiri 1, ili vikikua vishikane. Acha nusu mita au zaidi kati ya mstari na mboga, maana majani hufika urefu wa mita 1 na hutia kivuli. Mchaichai hupenda jua. Usiupande mahali panapotuama maji, mizizi itaoza.

Mteremko ukiwa mkali, mstari 1 hautoshi. Panda mistari kadhaa, mmoja chini ya mwingine.

KOSA LA PILI: KUUACHA

Tulipomaliza kupanda tulisema, kazi imekwisha. Kwa miaka 3 tulichuma majani ya chai tu. Mashina yakawa makubwa, yakakauka katikati, mengine yakafa. Nafasi zikafunguka. Jamani, mvua ina macho! Maji yakapita pale pale.

Sasa tunafanya hivi:

1. Miezi 4 hadi 6 baada ya kupanda, tunaanza kukata majani. Tunatumia mundu mkali na tunabakiza sentimita 15 juu ya ardhi. Majani ya mchaichai hukata ngozi, kwa hiyo tunavaa mikono mirefu.

2. Majani tusiyoyahitaji kwa chai tunayatandaza kwenye mboga. Hufunika udongo na kutunza unyevu.

3. Kabla ya kila masika tunatembea mstari mzima. Penye pengo tunaweka alama, na mvua zikianza tunaziba kwa vipando vipya.

4. Kila baada ya miaka 3 au 4 tunang'oa mashina ya zamani, tunayapasua na kuyapanda upya. Lakini hatung'oi yote kwa mara moja. Tunang'oa 1, tunaruka 1. Yale tuliyoruka tunayang'oa msimu wa pili. Ukiung'oa mstari wote, umeifungulia mvua mlango.

Mwenye ng'ombe huenda akauliza, kwa nini tusipande mabingobingo? Mabingobingo ni chakula kizuri cha mifugo. Lakini ni marefu, na mizizi yake hugombania chakula na mboga. Yapande mbali na bustani.

Mwisho, ndugu zetu, tuna daftari. Tumeandika siku tuliyopanda, siku tuliyokata na mahali palipokuwa na pengo. Zamani tulikuwa tukibishana: mashina haya yana miaka 2 au 4? Leo tunafungua daftari, tunasoma, ubishi unakwisha. Kalamu nayo ni chombo cha shamba, kama jembe.

Mwenye kutaka vipando aje kwetu mvua za kwanza zikinyesha. Tutampa bure. Naye akishapata vyake, ampe jirani, maana udongo wa jirani ukishuka, hupita kwako.



MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mstari wa kwanza ulipasuka?
2. Kwa nini hatung'oi mashina yote kwa mara moja?
3. Katika kijiji chetu, udongo unashuka wapi zaidi? Nani ataanza kupima?