Mto Ruvu Huanza Mlimani

(Maneno ya hotuba kwa wakulima wa Uluguru na jirani zao wa bondeni)



Leo twataka kuzungumza juu ya maji ya mto Ruvu. Mto huu hushuka kutoka milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600, hukata nchi ya Morogoro na Pwani, kisha huingia baharini karibu na Bagamoyo. Njiani hunywesha watu na mifugo, hurutubisha mashamba, na hutia maji katika mabomba ya Dar es Salaam, mji ambao katika hesabu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 5,383,728. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, mto ulipungua sana kwa ukame, na maji ya mji yakagawanywa kwa zamu. Hapo wengi walikumbuka kwamba bomba si chemchemi.

Mvua hatuwezi kuiamuru. Lakini ikisha kunyesha, yatupasa kujua inakwenda wapi. Penye msitu, majani huvunja nguvu ya matone na kunasa ukungu. Mizizi na majani makavu huyaacha maji yaingie ardhini polepole, nayo hutoka chini katika vijito hata miezi ya kiangazi. Penye mteremko uliochomwa moto na kulimwa wazi, maji hayakai. Hukimbia mara moja, huchukua udongo mzuri, na mto hugeuka mwekundu. Basi hasara ni mbili: aliye juu amepoteza shamba lake, na aliye chini amepata tope, mafuriko, na baadaye ukavu.

Wazee wanakumbuka kwamba jambo hili si geni. Katika miaka ya 1950 serikali ya wakati ule iliwaamuru watu wa Uluguru wachimbe matuta ya ngazi, na asiyechimba alitozwa faini. Kusudi lilikuwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji, lakini njia haikuwa njema. Mahali pengi udongo wenye rutuba ni mwembamba; kuchimba ngazi kulifukia udongo mzuri na kufunua ule usiozaa. Watu walifanya kazi kubwa, mavuno yakapungua. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na baadaye mpango ukaachwa. Fundisho lake ni kwamba mlima hauponi kwa amri tu, wala mkulima hapendi kazi ambayo faida yake haioni.

Zaidi ya miaka hamsini baadaye njia nyingine ilijaribiwa upande wa Kibungo. Mashirika ya CARE na WWF yaliwapatanisha wakulima wa juu na watumiaji wa maji wa chini. Wakulima walikubali kupanda miti, kuacha kuchoma moto, kutengeneza matuta yanayofaa mahali pao, na kupanda majani na mananasi kwa kukata mteremko. Kampuni ya maji ya Dar es Salaam na kampuni ya vinywaji zilitoa fedha, na mkulima alilipwa kwa kadiri ya eneo alilolitengeneza. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Lakini zilionyesha kwamba atunzaye maji anafanya kazi, na kazi ina ujira wake.

Lipo neno moja ambalo yafaa tulitaje wazi. Katika Uluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, nayo hufuata upande wa mama. Anayelima shamba la kuazima huogopa kupanda miti, kwa sababu mti ni kama alama ya kudai ardhi, na mwenye shamba huweza kumkataza. Kwa hiyo twawaomba wakuu wa koo wakae na wapangaji wao, wakubaliane mbele ya mashahidi: mti ni wa nani, matunda ni ya nani, na shamba litarudi lini. Bila mapatano hayo, miche itakauka katika vitalu.

Sheria nazo zipo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inawapa watu ruhusa ya kuunda jumuiya za watumia maji, ili wagawane maji na kukata mashauri yao wenyewe. Lakini mita 60 huweza kuwa shamba lote la mjane. Si haki kumwambia aondoke na kunyamaza. Yatupasa kumsaidia apande migomba au miti ya matunda ambayo mizizi yake hushika ukingo, naye apate chakula.

Basi, ninyi wa juu, msichome mteremko, na chemchemi msizivue nguo zake. Ninyi wa chini, msidhani kwamba mkilipa bei ya maji mmemaliza deni. Wakumbukeni wanaolinda chanzo. Nasi sote tukumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mlima uliokwisha kuporomoka hauna fundi wa kuujenga tena.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Nendeni mkayazungumze barazani mwenu.