Barua ni Nusu ya Kuonana

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja kuongea juu ya kuku wala mikopo ya mzunguko. Tunataka kuongea juu ya mtu ambaye jina lake tumeacha kulitaja mkutanoni. Vijiji vingi vina mtu wao aliye jela. Pengine ni mwanachama wetu, pengine ni mume au kijana wa mwanachama. Siku aliposhikwa tuliongea sana. Siku alipohukumiwa tukaongea tena. Baada ya hapo, kimya. Watoto wakiuliza, wanaambiwa baba ameenda kutafuta kazi Mombasa. Wazee walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Kipande chake cha shamba kinaanza kulimwa na wengine, na mtoto mdogo anasahau sura yake.

Sasa jamani, mtu huyu atarudi. Wafungwa wengi hukumu yao ina mwisho. Sheria yetu ya magereza inamruhusu mfungwa mwenye mwenendo mzuri apunguziwe theluthi moja ya kifungo, isipokuwa kwa makosa fulani mazito. Aliyefungwa miaka 3 anaweza kufika nyumbani baada ya miaka 2. Je, atarudi kwa watu wanaomjua, ama atakuwa mgeni kwake mwenyewe? Akijiona mgeni nyumbani, atawatafuta wale wanaomkaribisha haraka, na mara nyingi ni wale wale aliopotea nao.

Tunajua mtasema: nauli iko wapi? Ni kweli. Mtu wa Kakamega akifungwa Manyani, kule karibu na Voi, ni zaidi ya kilomita 600. Mama wa watoto wanne hawezi kwenda kila mwezi, na wengine huona aibu kwenda mikono mitupu. Tena mwaka 2020, wakati wa korona, hata wenye nauli walifungiwa mlango kwa sababu ziara za magerezani zilisimamishwa. Lakini kuna msemo wa Kiswahili kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Stampu, bahasha na karatasi ni pesa kidogo sana kuliko nauli ya kwenda na kurudi.

Wengine wanaogopa wakidhani kumwandikia mfungwa ni kosa. Si kosa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 51, inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani kwa sababu ya kufungwa. Na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ulipitisha kanuni za kuwatunza wafungwa zinazoitwa Kanuni za Mandela. Kanuni ya 58 inasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na marafiki kwa barua na kwa kutembelewa, chini ya uangalizi unaohitajika. Jina hilo halikuchaguliwa bure. Nelson Mandela alipopelekwa kisiwa cha Robben mwaka 1964, mwanzoni aliruhusiwa barua moja tu kwa kila miezi sita. Sisi hatujawekewa kipimo kama hicho, na bado hatuandiki.

Haya, tuandike namna gani?

Kwanza, anwani. Andika majina yake kamili kama yalivyoandikwa kortini, namba yake ya gereza, jina la gereza na sanduku lake la posta. Namba mwulize yeye mwenyewe mkienda kumwona mara ya kwanza, au uliza ofisi ya gereza. Bila namba, barua inaweza kuzunguka bure, maana majina yanafanana. Wafungwa pia huhamishwa, kwa hivyo barua zisipojibiwa kwa muda mrefu, uliza kama bado yuko pale.

Pili, jueni kwamba barua husomwa na afisa kabla haijamfikia. Basi usiandike mambo ya kesi. Hayo ni ya wakili. Usiweke pesa ndani ya bahasha, na usifiche kitu chochote. Atakayeumia ni yeye.

Tatu, andika habari za kawaida. Wengine hushika kalamu wakaanza kuhubiri ama kulaumu kurasa nne. Makosa yake anayajua, ameambiwa na hakimu. Mwambie ng'ombe amezaa ndama jike. Mwambie mvua ilichelewa, mahindi ya juu yakakauka lakini ya bondeni yako sawa. Mwambie mtoto amepanda darasa. Kisha mwulize shauri: tupande miti upande gani? Mtu anayeulizwa shauri anajua bado ni wa nyumba hiyo.

Nne, andika tarehe na uzipe barua namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akipata ya tatu bila ya pili, atajua kuna iliyopotea, hatadhani mmemtupa. Barua fupi kila mwezi ni bora kuliko ndefu moja kila Krismasi.

Tano, picha. Uliza kwanza gereza linaruhusu picha ngapi na za namna gani. Tuma nakala ya karatasi bila fremu wala kioo, na ubaki na nyingine nyumbani, maana iliyotumwa inaweza kupotea. Siku hizi picha nyingi zinakaa ndani ya simu, lakini mfungwa haruhusiwi kuwa na simu, kwa hivyo ni lazima zipelekwe studio zikachapishwe. Nyuma ya picha andika majina na mwaka. Baba aliyemwacha mtoto mgongoni hatamtambua akiwa na sare ya shule. Picha ya watoto mbele ya nyumba, shamba lake likiwa limepaliliwa, mama yake mzee ameketi kitini: hizo zinatosha.

Sasa kuna jambo gumu. Kukiwa na msiba, tufiche? Hapana. Mwaka 1969 Mandela alifiwa na mwanawe Thembi kwa ajali ya barabarani. Habari ilimfikia gerezani kwa telegramu, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Yalikuwa maumivu makubwa, lakini alijua. Ukimficha mtu kifo cha mama yake, siku ya kutoka atakuja akimwita mlangoni. Mpelekeeni habari kupitia kwa kasisi wa gereza au afisa wa ustawi ili asiisome peke yake. Kisha tumeni barua: alizikwa wapi, nani walikuja, alisema nini juu yake kabla hajafa.

Na watoto waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Wakidanganywa na sisi, wataambiwa na wenzao shuleni, tena kwa matusi. Mtoto anayejua anaweza kuchora picha yake mwenyewe iingie katika bahasha.

Tunajua pia wako walioumizwa na huyo aliyefungwa, na wengine tunakaa nao hapa hapa. Mke aliyepigwa au mtoto aliyedhulumiwa asilazimishwe kuandika hata mstari mmoja. Wala barua isitumiwe kumbembeleza wala kumtisha. Hapo waandike wengine: kaka, shangazi, rafiki. Na tukumbuke kwamba walioko rimandi bado hawajahukumiwa. Mbele ya sheria hawana hatia mpaka korti iseme.

Jihadharini pia na matapeli. Ukipigiwa simu kwamba nduguyo yuko taabani, tuma M-Pesa sasa hivi, usitume. Kwanza uliza ofisi ya gereza.

Basi tunaviomba vikundi vifanye mambo matatu. Mkutano ujao, mtenge pesa kidogo za stampu na kuchapisha picha, ziandikwe kitabuni kama matumizi mengine. Mchague mwanachama mmoja wa kuwaandikia wasiojua kusoma na kuandika, na awe mtu wa kufunga mdomo, maana siri za nyumba zitapita mikononi mwake. Na kile kipande cha shamba kilimwe kwa niaba yake, hesabu iwekwe, kisha hesabu hiyo iandikwe katika barua ili aisome mwenyewe.

Kalamu mnazo. Anayejua namba ya gereza ya mtu wake, aje nayo mkutanoni.